Kijicho kikikushika, mshukuru Mungu kwa cha mwenzio

Bwana asifiwe wapendwa. Hapa Malindi mwezi wa tano ukiingia masika yanapiga, kusi linavuma bahari inachafuka, hoteli kibao zinafunga na wafanyakazi wanarudi majumbani, na huo ndo msimu wa kijicho nawaambia ukweli. Umekaa huna kazi, simu mkononi unapitia stetasi za watu, huyu kamwaga msingi kule Barani, yule katoa tuktuk mpya, moyo unaanza kuuma kama jino.

Mimi ilinipata. Dada mmoja tunaimba naye kwaya, wote twauza mahamri na mbaazi, hoteli zilipofunguka yeye akapata oda ya kupeleka mahamri kila asubuhi pale pale nilipokua nikipaombea mimi miezi na miezi. Siku ya ushuhuda kanisani nikapiga makofi na wenzangu lakini usiku silali.

Sasa la kwanza, kitaje. Usijidanganye ati "nimechoka tu" au "yule anaringa". Mwambie Mungu, nina kijicho na fulani kwa sababu ya kitu fulani. (Kama umedhulumiwa kweli, hicho si kijicho, nenda kwa wazee mkae chini.) Soma Mathayo 20, wale vibarua wa shamba la mizabibu. Wa asubuhi walilipwa dinari yao kamili kama walivyopatana, hakuna aliyekatwa, kilichowauma ni kuona wa saa kumi na moja, jua lishaanza kuzama, nao wamepewa dinari ile ile. Mwenye shamba akauliza, jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema? Jicho! Ndo hiki hiki kijicho chetu.

Halafu shukuru, lakini hapa wengi tunakosea, manake ukiambiwa uhesabu baraka unaanza kulinganisha, afadhali mimi nina changu yule bado anapanga. Hiyo sio shukrani, ni ile sala ya Farisayo wa Luka 18, asante Mungu mimi si kama watu wengine, ni kijicho kimegeuzwa upande tu. Shukuru kwa kitu cha leo bila kumtaja mtu. Mimi nina daftari la madeni la wateja, nikaligeuza nyuma nikawa naandika matatu kila alfajiri kabla sijashika simu: unga umeumuka vizuri, mtoto homa imeshuka, yule mzee kaja kunywa chai na mvua yote ile.

Ila dawa yenyewe ni hii, na ni chungu kama mwarobaini. Mshukuru Mungu kwa kile kile kinachokuuma, kwa jina la mwenzio, kwa sauti. "Bwana asante umempa dada yangu oda ile, zidisha." Wiki ya kwanza maneno yalikua yananikwama kooni, nasema tu mdomo, na ukingoja mpaka ujiskie hutasema milele kwa hivyo wewe sema, moyo utafuata nyuma pole pole. Warumi 12:15 inasema furahini pamoja nao wafurahio, ni amri, haikungoja mood yako. Na stetasi zake ukiona zinakurudisha nyuma zifiche kwanza, sio dhambi.

Kisha tia mkono kwenye baraka yake. Siku moja akanipigia saa tisa usiku, oda imeongezwa na msichana wake wa kazi mgonjwa. Nilikaa kitandani kidogo, sikufichi, alafu nikabeba kibao changu nikaenda. Yeye akikanda, mimi nasukuma na kukata, iliki inanukia jikoni kote, na katikati ya ile kazi nikajiskia naomba kimoyomoyo yaumuke yote, yasibaki hata moja bapa.