Kiini cha dhahabu kinapochemka: kuchora grafu ya joto, hatua kwa hatua

Kwenye birika la mwuza kahawa pale Jaws Corner, Zanzibar, maji yakishachemka, ukizidisha makaa joto halipandi. Moto wote unaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Alama hiyo hiyo ndiyo tunayoitafuta kwenye viini vya atomu. Mwaka 1995 kundi la ALADIN, huko Darmstadt, Ujerumani, lilirusha viini vya dhahabu vigongane na viini vingine, kwa MeV 600 (MeV ni elektronivolti milioni moja, kipimo cha nishati) kwa kila nukleoni, yaani kila protoni au nyutroni. Joto, ambalo nalo hupimwa kwa MeV, likatulia karibu na MeV 5, yaani kelvini bilioni 58 hivi. Hesabu yenyewe mwanafunzi wa Tunguu au Chake Chake anaimudu kwa kompyuta yoyote.

Hatua ya 1. Kwa kila mgongano, gawa nishati ya msisimko (nishati ya ziada iliyobaki ndani) ya mabaki ya kiini kwa idadi ya nukleoni zake. Kisha panga migongano kwa mafungu: MeV 2 hadi 3, 3 hadi 4, na kuendelea.

Hatua ya 2. Katika kila fungu hesabu vipande vilivyotoka vya aina nne: heliamu-3, heliamu-4, lithiamu-6 na lithiamu-7.

Hatua ya 3. Hapa msiende mbio. Gawa lithiamu-6 kwa lithiamu-7, na heliamu-3 kwa heliamu-4, kisha gawa jibu la kwanza kwa la pili. Uwiano huo uite R; ndio unaotupa joto T kwa MeV (ln ni logariti asilia):

T = 16 ÷ ln(2.18 × R)

Tujaribu kwa namba za mazoezi: 0.9 kwa lithiamu, 0.08 kwa heliamu. R ni 11.25, na T inatoka MeV 5.0. R ikikosewa kwa asilimia 10, T inasogea kwa MeV 0.15 tu, ndiyo maana nakipenda kipimajoto hiki. Lakini ile 16 ichunguzeni. Nishati za kufungamana kwa viini zinatoa 13.3, imezidishwa kwa 1.2 kwa sababu vipande vya moto huendelea kuvunjika baada ya kutoka, na hivyo kuuharibu uwiano.

Hatua ya 4. Chora T dhidi ya nishati. Grafu ya 1995 ilikaa tambarare kati ya MeV 3 na 10 hivi, kisha ikapanda.

Hatua ya 5. Huko kupanda msikupokee kirahisi kuwa ni mvuke. Nishati ikizidi, mabaki yanapungua uzito, na mabaki mepesi hutulia kwenye joto la juu kuliko mazito. Tenganisheni data kwa uzito wa mabaki, kila kundi na grafu yake, ndipo mseme mmeona mabadiliko ya hali, kutoka kimiminika kwenda mvuke.