Kupata malazi Québec bila kushtukizwa na bei

Anza na kalenda, ramani baadaye. Jiji la Québec, katika jimbo la Kanada lenye jina hilohilo, hujaa Februari wakati wa Kanivali ya majira ya baridi, na Montréal hujaa wikiendi ya mbio za Formula 1. Tadoussac, wanakokwenda watu kuona nyangumi, ni kijiji kidogo chenye vyumba vichache. Ukienda kiangazi, weka nafasi miezi kadhaa kabla.

Nyumba ya kukodi kwa siku chache lazima iwe imesajiliwa, na namba ya usajili ionekane kwenye tangazo. Kama haipo, achana nayo hata bei ikivutia. Tangazo lisilo halali linaweza kuondolewa wakati wowote, nawe ukabaki na mabegi bila pa kulala.

Sasa kodi, zinazowaumiza wengi kwa sababu bei ya kwanza unayoona mara nyingi haina kodi. Chumba cha dola 200: ongeza kodi ya malazi 3.5%, inakuwa 207. Juu ya hiyo weka 5% ya serikali kuu na 9.975% ya jimbo. Utalipa takriban dola 238, na ada ya usafi bado.

Uliza kuhusu lifti, maana majengo mengi ya Vieux-Québec, mji mkongwe wa jiji la Québec, ni ya kale, na kuhusu maegesho: gari lililoachwa barabarani siku ya kuondoa theluji huvutwa.

Chagua nafasi inayofutika bila malipo. Ukomo wa kufuta huhesabiwa kwa saa za Québec, ambazo ziko nyuma ya Nairobi kwa saa 7 kiangazi na 8 wakati wa baridi.