SOMO: PC ya gemu umeshaiunga, sasa upige Windows au uende Linux?

Wakuu habari za saa hizi. Tangu Windows 10 ikatiwe apdeti watu wananiuliza swali lile lile, "nimeunga mashine mwenyewe, GPU (kadi ya picha) nimeweka, fundi anasema nipige Windows 11, jamaa yangu anasema Linux ndio ina fremu nyingi (picha kwa sekunde), nimsikilize nani?" Kwangu mimi wote wawili wameanzia katikati. OS (mfumo endeshi, yaani hiyo Windows au Linux) ya mashine ya gemu inachaguliwa na gemu, sio na fundi wala na jamaa yako.

Naandika nikiwaza mashine tunazounga wengi wetu huku, ile desktop ya ofisi ya mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, unaiongezea SSD, ramu unapandisha hadi GB 16, unachomeka GTX 1050 Ti au 1650 isiyohitaji waya wa pembeni maana pawa saplai yenyewe ni ndogo. Wewe mwenye Ryzen mpya na RTX soma pia, ila utaruka sehemu za mateso.

HATUA YA 1: Andika gemu zako

Chukua karatasi andika gemu unazocheza kweli, sio zile unazotamani siku ukipata hela. Zigawe mafungu mawili, za kucheza peke yako na za mtandaoni zenye antichiti, yaani ile programu ya kukamata wanaocheza kwa ujanja. Hapa ndipo kesi inapoamuliwa.

Za peke yako siku hizi hazisumbui sana. Valve, wenye duka la gemu la Steam, walitoa programu ya Proton mwaka 2018 na tangu hapo gemu nyingi za Windows zinacheza Linux bila wewe kufanya lolote, unaishusha kwenye Steam unabonyeza play, yenyewe huko chini inageuza maagizo ya picha ya DirectX ya Windows kuwa ya Vulkan ambayo Linux inaielewa. Steam Deck, konsoli ya mkononi ya Valve iliyotoka 2022, inatumia SteamOS ambayo ni Linux, ndio maana hata kampuni za gemu zimeanza kujali.

Balaa liko fungu la pili. Valorant na League of Legends zinatumia antichiti ya Vanguard, inakaa ndani kabisa ya Windows, Linux hupati. Fortnite hupati. Call of Duty mpya hupati. EA FC za karibuni hupati. Apex Legends ilikuwa inacheza vizuri tu, ikafungiwa Linux mwishoni mwa Oktoba 2024. GTA V ile stori inacheza, ila Online ilipowekewa antichiti ya BattlEye Septemba 2024 watu wa Linux wakabaki nje ya geti. Wakati huo huo Counter-Strike 2 na Dota 2 zina toleo la Linux la kwao kabisa. Usibishane na mtu, ingia tovuti ya ProtonDB uandike jina la gemu usome waliojaribu wanasemaje, na kwa upande wa antichiti kuna tovuti ya Are We Anti-Cheat Yet.

Kama kwenye karatasi kuna hata gemu moja ambayo Linux haiwezi na ndiyo mnayocheza na washkaji kila jioni, wewe ni mtu wa Windows, hata usijisumbue.

HATUA YA 2: Ijue mashine yako

Kama tayari kuna Windows ndani yake bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32. Angalia mistari miwili, "BIOS Mode" imeandikwa UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine) au Legacy (ya zamani), na "Secure Boot State" (ulinzi unaozuia programu zisizotambulika kuanza mashine inapowaka) iko On au Off. Kisha fanya tena Windows na R uandike tpm.msc, chini kulia kuna "Specification Version", unataka uone 2.0.

Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine), UEFI yenye uwezo wa Secure Boot, na prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu au Ryzen 2000 kwenda juu (Ryzen 3 2200G na Ryzen 5 2400G zisikudanganye, jina ni la 2000 ila ndani ni kizazi cha kwanza, hazimo kwenye orodha). Kwa mtumba maana yake ni hii, EliteDesk 800 G4 imo, G3 haimo. OptiPlex 7060 imo, 7050 haimo. Kama bado hujanunua, hiyo tofauti ya hela kati ya hizo mbili mimi ningeilipa.

Ukiona TPM haipo usikimbilie kulia, kwenye mazabodi nyingi ipo ila imezimwa. Ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi yenyewe, kabla Windows haijawaka), kwa Intel tafuta PTT, kwa AMD tafuta fTPM, washa, sevu, toka.

Na GPU je? AMD kwenye Linux ni raha, draiva imo humo humo kwenye mfumo, hushushi kitu. NVIDIA inafanya kazi ila chagua Linux inayokuja na draiva yake. Ila GTX 650, 660, 760 na ndugu zake wa umri huo kwa Linux usijaribu, draiva zao ziliishia toleo la 470 lenye Vulkan 1.2 na Proton za sasa zinataka 1.3, utakesha.

HATUA YA 3: Chagua

Mashine inakidhi vigezo na unacheza za mtandaoni: Windows 11 64-bit. Home inatosha. Pro ina BitLocker, Remote Desktop na Hyper-V, fremu haiongezi hata moja, anayekuambia Pro inacheza gemu vizuri zaidi anakuuzia Pro.

Mashine haikidhi na unacheza za mtandaoni: hapa ndio penye maumivu. Windows 10 apdeti za kawaida ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025, watu wa kawaida wanaweza kujiunga na apdeti za usalama za ziada hadi Oktoba 2026, baada ya hapo uko mwenyewe. Unaweza kukaa nayo ukijipanga kubadilisha mashine. Kuna njia ya kuruka vigezo vya Windows 11 kwa Rufus (programu ya kuandaa flashi ya kupigia OS), inaingia bila shida, lakini Vanguard kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, kwa hiyo umeruka ukuta umekuta mwingine.

Unacheza peke yako tu: Linux ni chaguo la kweli, sio la kujifariji. Mgeni kabisa anayetaka mashine ya kazi na gemu aende Linux Mint. Anayetaka ikae sebuleni iwake kama konsoli aangalie Bazzite, imejengwa juu ya Linux nyingine iitwayo Fedora, ina toleo la AMD na la NVIDIA. Bazzite naipendea kitu kingine, apdeti inaandaliwa pembeni na ile ya zamani inabaki, umeme ukikatika katikati unawasha unaendelea na ya zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa umeme wetu huu hilo sio jambo dogo.

macOS kwa PC ya kuunga achana nayo.

HATUA YA 4: Leseni

Desktop nyingi za ofisi zilikuja na Windows Pro ya kiwandani na namba ya leseni imo ndani ya BIOS, kwa hiyo ukipiga Windows ya toleo lile lile ikishika intaneti inajiwasha yenyewe, hakuna haja ya kumlipa mtu "akuaktivetie". Leseni hiyo imefungwa na mazabodi, ukibadilisha mazabodi imekwenda. Ya dukani yenye boksi unaweza kuihamisha.

Huna leseni kabisa? Windows isiyoaktivetiwa inacheza gemu vile vile, unavumilia maandishi pembeni ya skrini na huwezi kubadilisha picha ya ukutani, basi. Ni bora mara mia kuliko kreki inayokuambia zima antivairasi kwanza. Jiulize kwa nini inataka uzime, na humo humo ndani kuna akaunti yako ya Steam na imeili yako.

HATUA YA 5: Kupiga

Flashi ya GB 8 kwenda juu, kila kilichomo kitafutika. Shusha Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, faili ni zaidi ya GB 5 hivyo panga bando la usiku. Tumia Rufus, pale kwenye "Partition scheme" weka GPT (mpangilio wa diski unaoendana na UEFI) na "Target system" iwe UEFI. Hapa ndipo wengi wanapokosea halafu miezi mitatu baadaye gemu inadai Secure Boot nao wako Legacy.

Kama una diski nyingine yenye vitu vyako ichomoe waya kabisa kabla hujaanza, usitegemee macho yako kutofautisha Disk 0 na Disk 1 saa sita usiku.

HATUA YA 6: Ukishamaliza

Draiva ya GPU chukua kwa NVIDIA au AMD wenyewe, sio zile programu za "driver booster". Ingia BIOS uwashe XMP, ramu nyingi zinakimbia chini ya spidi uliyolipia mpaka uiwashe, ingawa desktop za ofisi nyingi hazina hicho kipengele. Kwenye Windows 11 kuna Memory Integrity ndani ya Core isolation, ni ulinzi mzuri ila inaweza kula fremu, Microsoft wenyewe wamewahi kueleza kwamba mchezaji anaweza kuizima akicheza na kuirudisha akimaliza. Mimi kwenye mashine yenye nguvu naiacha.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu nimefuata maelekezo nikazima CSM (ile ya BIOS inayoruhusu Legacy) ili niwashe Secure Boot, sasa skrini nyeusi tii, feni zinazunguka. GPU ni HD 7770. Nimeua mashine?

Jibu: Hujaua kitu. Kadi nyingi za umri huo hazina sehemu ya UEFI inayotoa picha CSM ikizimwa. Zima, chomoa umeme, toa GPU, chomeka skrini kwenye tundu la mazabodi kama prosesa yako ina picha yake, ingia BIOS urudishe CSM. Kama haina, toa ile betri ndogo ya mviringo dakika kadhaa uirudishe, mipangilio itarudi ya kiwandani. Ila kwa kadi hiyo Secure Boot sahau mpaka ubadilishe.

Swali: Kaka shikamoo, mimi sio mtu wa gemu, mwanangu anacheza Roblox na Minecraft, fundi ametuwekea Linux anasema ni bure. Roblox haifunguki.

Jibu: Marahaba dada. Fundi hajakosea kwenye ubure ila hakuuliza mtoto anacheza nini. Minecraft ya Java inacheza Linux bila tabu, ile ya Bedrock hapana. Roblox hawana toleo la Linux, kuna programu ya pembeni inaitwa Sober inayoichezesha lakini sio ya Roblox wenyewe na siku wakibadili kitu inaweza kugoma. Kama Roblox ndiyo kilio cha kila siku mwambie arudishe Windows.

Swali: Windows yangu ya zamani ilikuwa Legacy, lazima nifute kila kitu niende UEFI?

Jibu: Sio lazima. Windows 10 na 11 zina mbr2gpt, inageuza diski bila kufuta. Kopi vitu vyako nje kwanza, kwanza ndugu yangu, halafu fungua Command Prompt kama admini uandike mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali rudia ukiweka /convert badala ya /validate. Ukimaliza ingia BIOS ubadilishe Legacy kuwa UEFI, usipobadilisha haitawaka na utasema nimekudanganya.

Swali: Bro mimi nataka vyote viwili, Linux ya kazi na Windows ya Valorant.

Jibu: Poa, ila SSD mbili, kila moja na yake, unachagua wakati wa kuwasha. Zima Fast Startup kwenye Windows la sivyo Linux itagoma kuandika kwenye diski ya Windows. Saa zikiwa zinapishana kila ukihama, upande wa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1. Na gemu za Proton usiziweke kwenye diski ya NTFS (mpangilio wa Windows) ambayo OS zote mbili zinachangia, zinasumbua, ziwekee sehemu yake. Kabla ya yote hakikisha Linux uliyochagua inakubali Secure Boot ikiwa On, maana Valorant itaidai, Ubuntu na Mint zinakubali.

Swali: Vipi Windows Lite? Jamaa mtaani anaipiga kwa elfu kumi, anasema inatumia ramu kidogo.

Jibu: Inatumia kidogo kwa sababu wametoa vitu, na mara nyingi vilivyotolewa ni Defender (antivairasi ya Windows) na apdeti. Hujui aliyeitoa ametia nini mbadala wake. Ukiwa na GB 16 hiyo ramu unayookoa hutaiona kwenye gemu. Kama una GB 4 ongeza ramu, DDR3 ya mtumba sio ghali kihivyo.

Swali: Bando linaniua mzee. Nikihama OS nishushe GTA yote upya?

Jibu: Hapana. Kabla hujafuta kopi folda ya steamapps kwenda diski ya nje, ukishapiga OS mpya irudishe mahali pake, Steam itakagua na kushusha kilichopungua tu. Na kama nyumbani kuna PC nyingine yenye gemu hiyo, Steam inaweza kuivuta kutoka kwake kupitia rauta bila kugusa bando, washa "Game File Transfer over Local Network" kwenye setingi za Downloads pande zote mbili. Kwenye Windows nenda kwenye Wi-Fi yako uweke "Metered connection" ili apdeti zisijishushe hovyo. Linux nayo Steam inashusha vifaili vya "shader" (vya kuandaa picha za gemu) kimya kimya, unaweza kuizima pale Downloads, gemu itaanza kwa kukwamakwama kidogo halafu itatulia.

Swali: Nina i5 kizazi cha 4 na GTX 750 Ti, nacheza PES za zamani, GTA San Andreas na Need for Speed tu. Niende wapi?

Jibu: Mint. 750 Ti yako ni Maxwell (kizazi kipya kuliko zile 650, 660 na 760), Vulkan yake inatosha. Zile ulizonunua Steam zinaenda moja kwa moja, za CD pitishia Lutris, programu ya kuchezea gemu za Windows kwenye Linux. Ukikwama taja gemu na ujumbe inaoutoa, usiandike tu "haifunguki".