Namna ya kuuona ukungu ukimeza moshi

Nasomesha sayansi Wete, Pemba. Asubuhi za kipupwe, bonde la mpunga nyuma ya nyumba yetu hujaa ukungu, na moshi wa makuti ukiteremka humo hauonekani tena. Watoto husema umepotea. Haukupotea, na chupa moja inatosha kuwaonesha.

Tafuta chupa laini ya maji ya lita 1.5, uibandue karatasi. Tia vijiko vitatu vya maji ya uvuguvugu, funga, tikisa. Iminye kwa nguvu, hesabu hadi kumi, iachie ghafla. Hutaona kitu cha maana. Sasa fungua, washa kibiriti (kishike wewe, si mtoto), kizime, minya chupa kidogo mdomo wake ukiwa kwenye moshi, kisha iachie iuvute. Funga upesi. Minya tena, achia: ukungu mweupe! Minya, umeondoka. Nyuma ya chupa tundika kaniki, la sivyo waliokaa mwisho hawaoni.

Ukiiachia, hewa hutanuka na kupoa, na mvuke hutafuta pa kushika. Hushika chembe ya moshi. Bondeni hushika pia chumvi ya bahari, ambayo hupenda maji kuliko masizi yanavyoyapenda. Chembe ya moshi ya kawaida ni ndogo mno. Tone linaloizunguka huweza kuwa pana mara mia, nalo likigusa jani au utando wa buibui hubaki hapo na chembe yake. Rudia mara nyingi, kila mara ukiuacha ukungu utue wenyewe bila kuminya, utaona unazidi kuwa mwembamba: chembe zimezama majini.

Lakini si zote zinazotua, na hapa ndipo ninaposisitiza sana darasani. Ndani ya tone, gesi ya salfa itokayo kwenye makaa ya mawe au dizeli huyeyuka, hukutana na ozoni au haidrojeni peroksaidi (kemikali za hewani zenye oksijeni ya ziada), ikawa tindikali. Jua likipanda maji huenda zake, salfeti, yaani chumvi itokanayo na tindikali hiyo, hubaki. Chembe iliyotoka ni nene kuliko iliyoingia, na kesho itavuta maji kwa wepesi zaidi. London, Desemba 1952, ukungu wa namna hiyo ulikaa siku tano ukichanganyika na moshi wa makaa ya mawe, wakafa maelfu.

Bondeni kwetu hakuna makaa ya mawe, ila hewa ya baridi hulala chini vilevile na moshi haupati pa kutokea. Majani yangu huyachoma saa nne, ukungu ukishanyanyuka kwenye minazi.