Namna ya Kupima na Kupanga Dalili Zinazobaki Baada ya Ugonjwa wa Virusi

Mtu aliyeugua UVIKO-19 au chikungunya, homa ikaisha lakini uchovu na maumivu yakabaki kwa miezi, akienda zahanati hapa Kigoma hupimwa kwanza malaria. Ni sahihi kufanya hivyo, kama ilivyo sahihi kumpima upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari na VVU, kwa kuwa uchovu wa maradhi hayo hufanana na huu, nayo yana matibabu yanayojulikana. Majibu hayo yakishatoka bila kueleza tatizo, kazi inayofuata ni ya daftari.

Kila mwisho wa wiki, andika kila dalili katika mstari wake na uipe alama mbili, moja ya mara ngapi imetokea na nyingine ya ukali wake. Dodoso la Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, hutumia 0 hadi 4 kwa kila alama, na kwa kawaida dalili huhesabiwa kuwa na uzito inapofikia 2 kwa zote mbili. Usijumlishe alama hizo. Mama anayeanika dagaa Kibirizi anaweza kuumwa kichwa kila siku lakini kidogo tu, akaandika 4 na 1, huku kizunguzungu kinachomlaza chini mara chache kikipata 1 na 4. Akijumlisha, kila dalili itasomeka 5, na daktari hataweza kuzitofautisha.

Pembeni andika shughuli za kila siku pamoja na saa zake, kwa sababu dalili iliyo muhimu kuliko zote, yaani kuzidiwa baada ya kujishughulisha, mara nyingi huchelewa kwa saa 12 hadi 48 au zaidi. Aliyepanda kwa miguu kutoka ziwani hadi Mwanga siku ya Alhamisi anaweza kujisikia vizuri jioni hiyo, kisha Jumamosi akashindwa kuinuka kitandani, na bila maandishi atadhani amepata homa mpya.

Katika kupanga, wengi hufuata viungo vya mwili: kichwa, kifua, tumbo. Mpango huo, kwa maoni yangu, hutenganisha dalili zinazokwenda pamoja. Ni afadhali kutenga zile zinazozidi baada ya shughuli, usingizi usioondoa uchovu, ugumu wa kufikiri na kukumbuka, zinazokuja mtu akisimama, kisha maumivu. Makundi manne ya kwanza ndiyo yaliyobeba vigezo vya ugonjwa wa uchovu sugu vilivyotolewa Marekani mwaka 2015, ambavyo hutaka hali hiyo iwe imedumu zaidi ya miezi 6.

Kundi la kusimama linaweza kupimwa nyumbani, mradi mtu mwingine awe karibu. Lala dakika 10, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, kisha simama ukiegemea ukuta na uhesabu kila dakika hadi ya kumi. Kwa mtu mzima, ongezeko la mapigo 30 au zaidi linalodumu ni la kumweleza daktari; ukihisi kuzimia, keti mara moja.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi ukiwa umetulia au kupungua uzito kusikoelezeka hakungoji mwisho wa wiki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, daftari ukiwa nalo.