Modeli ya maji ya bonde la Pangani: anzia kwenye chemchemi

Wengi wanaoanza kutengeneza modeli ya maji, yaani hesabu ya kompyuta inayoiga mwendo wa maji ya bonde, hufungua programu kwanza, takwimu wanazitafuta baadaye. Nakushauri ufanye kinyume. Nafanya kazi ya kuhesabu maji nikiwa Moshi, na modeli zilizonifaa zote zilianza na daftari pamoja na ramani ya chemchemi.

Lijue bonde kwanza. Sehemu kubwa iko Tanzania na kipande kidogo kiko Kenya, upande wa Taveta. Udogo wake usikudanganye. Mto Lumi unateremka kutoka Kilimanjaro, unapita Taveta na kuingia Ziwa Jipe, ambalo limekatwa na mpaka wa nchi. Ruvu unatoka Jipe kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, na Kikuletwa nao unaleta humo maji ya Mlima Meru na ya kusini mwa Kilimanjaro. Kuanzia bwawani ndipo mto unaitwa Pangani, hadi baharini.

Sasa chora mipaka miwili. Ule wa maji ya juu ya ardhi, QGIS, programu ya ramani, itakuchorea kutokana na takwimu za mwinuko. Wa maji ya chini huupati hivyo, kwa sababu miamba ya volkano haifuati vilima. Ziwa Chala halina mto unaotoka, lakini maji yake yanapenya chini kwa chini. Chemchemi za Nol Turesh, karibu na Loitokitok, zinalishwa na mvua ya Kilimanjaro ilhali ziko nje ya bonde letu. Ukilazimisha mipaka hiyo miwili iwe mmoja, hesabu yako itakuwa na maji ambayo hayapo.

Kwa mvua, tumia takwimu za CHIRPS, makadirio ya mvua yanayotokana hasa na setilaiti, zinazoanzia 1981 na ni za bure, ila zirekebishe kwa vituo vya ardhini, hasa mlimani. Msitu wa kusini mwa Kilimanjaro hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati tambarare za Same ni kavu kabisa. Barafu ya kileleni isikupotezee muda. Mchango wake mtoni ni mdogo mno. Mito hii inaishi kwa mvua ya msituni.

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu: usihesabu maji yale yale mara mbili. Nimeona ripoti zinazoandika mtiririko wa mto kwenye safu moja, maji ya visima kwenye safu nyingine, kisha zinajumlisha. Kiangazi, kinachotiririka Kikuletwa ni chemchemi, na chemchemi ni maji ya chini yaliyotokeza juu. Kisima unachochimba upande wa juu wa chemchemi kinachota kwenye maji hayo hayo ya mto.

Tena athari yake haionekani leo. Ipo hesabu rahisi ya kukisia itachukua muda gani: chukua umbali wa kisima hadi mtoni, uuzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa uwezo wa mwamba kuhifadhi maji, kisha gawa kwa uwezo wake wa kuyapitisha. Tuseme umbali ni mita 2,000, hifadhi ni 0.1 na upitishaji ni mita za mraba 500 kwa siku. Jibu ni siku 800. Visima vinavyotoa lita 100 kwa sekunde havitaonesha madhara yake yote mwaka wa kwanza, wala wa pili. Kwa hiyo iendeshe modeli kwa miaka 20 au zaidi.

Mifereji ya asili ya Wachaga inakwenda kinyume chake. Inavuja, na maji yanayovuja yanarudi ardhini na kulisha wa chini. Ukisakafia mfereji kwa saruji, banio, yaani mahali mfereji unapochota mtoni, litachukua maji machache, lakini chemchemi ya kijiji cha chini inaweza kupungua. Weka maji hayo yanayorudi kwenye modeli. Weka pia matumizi halisi badala ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibali, na kuyapata itabidi uende mferejini wakati wa zamu ukapime.

Programu zenyewe hazina ugumu mkubwa. WEAP inagawa maji kati ya watumiaji, na taasisi za umma za nchi zetu hupewa leseni bure. MODFLOW, ya bure pia, inahesabu maji ya chini, na hizo mbili zinaunganishwa. Kama huna takwimu za kutosha za visima, anza na tangi moja la kuhesabia maji ya chini kwa kila kidakio, yaani eneo linalokusanya maji ya mto mmoja, ndani ya WEAP.

Bwawa lipe uangalifu wake. Nyumba ya Mungu likijaa lina eneo la takriban kilomita za mraba 140. Kwa uvukizaji wa mita 2 kwa mwaka, hizo ni mita za ujazo milioni 280, karibu mita za ujazo 9 kila sekunde. Kulisahau ni kuusahau mto mzima.

Ukifika kulinganisha modeli na vipimo vya mto, kipimo cha Nash–Sutcliffe, alama ya jinsi modeli inavyofanana na vipimo, kitakusifu kwa kupatia mafuriko ya masika. Kipige kwa logi (logariti) za mtiririko, zinazopunguza uzito wa namba kubwa, ili miezi mikavu nayo isikike, maana Februari na Septemba ndipo watu wanagombania maji. Irekebishe modeli kwa vipimo vya nusu ya miaka, ile nusu nyingine iwe mtihani.

Usisahau ubora. Maji ya Meru yana floridi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Kisima kinachozidi hapo kiondoe kwenye safu ya maji ya nyumbani, kibaki cha umwagiliaji.

Mwisho peleka matokeo kwa jumuiya za watumia maji, na Taveta pia, kabla hujayafunga. Waoneshe mwezi mmoja mkavu, mto mmoja, lita kwa sekunde. Wazee wa mifereji watakwambia papo hapo ni wapi modeli imekosea. Andika, rudi ofisini, iendeshe upya.