Somo: Kuchanganya dawa ya unga ya mtoto na kumpa bila kukosea

Natoa dawa kwenye duka la dawa muhimu huku Newala, kusini mwa Tanzania. Juzi mama mmoja alirudi na chupa ya amoksilini, antibayotiki (dawa ya kuua bakteria) ya unga, aliyoinunua jana yake. Maji yamefika shingoni mwa chupa, dawa nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. "Niliongeza ili ifike," akasema. Mtoto alikuwa anakunywa mililita zile zile alizoandikiwa, ila dawa ndani yake kidogo. Lawama nusu ni yangu, maana nilimkabidhi unga bila kumwonyesha mstari wa chupa ambapo maji yanapaswa kuishia. Ndiyo sababu ya somo hili.

Kwanza, hakikisha dawa inahitajika. Mafua na vikohozi vingi vya kipupwe ni virusi, na antibayotiki haigusi virusi. Homa huku kusini ipimwe malaria kwanza. Mtoto mwenye kikohozi mhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, mpeleke zahanati akaangaliwe kichomi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea hata kuamka ni shida, usipitie dukani kwangu. Nenda hospitali moja kwa moja.

Pili, njoo na cheti na kadi ya kliniki. Dozi ya mtoto hupangwa kwa kilo zake. Sema pia kama aliwahi kutoka mabaka au kuvimba midomo baada ya dawa ya jamii ya penisilini, amoksilini ikiwemo.

Tatu, soma bahasha mbele ya aliyekupa. Sisi huandika "5ml x 2 x 5/7" tukadhani dunia nzima inaelewa. Maana yake ni mililita 5, mara mbili kwa siku, kwa siku tano. Hiyo 5/7 si "tano kati ya saba", wala si siku saba.

Nne, kuchanganya. Chemsha maji, hata ya mvua kutoka tangini, yaache yapoe kabisa. Maji ya moto huharibu dawa. Gongagonga chupa kiganjani mpaka unga uachie chini. Tia maji yafike kama nusu ya chupa, funga, tikisa kwa nguvu. Utaona povu, subiri litulie, kwa sababu ukijaza juu ya povu utadhani umefika mstarini kumbe bado. Likitulia ongeza hadi kwenye mstari, usawa wa jicho lako, kisha tikisa tena. Andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu.

Ukipewa vidonge vya kuyeyusha, umepona kazi hii: unayeyusha kimoja kimoja kwa maji safi kidogo au maziwa ya mama, mtoto anakunywa yote papo hapo.

Tano, kumpa. Tikisa kila mara. Pima kwa kifuniko chenye alama au bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani. Elekeza bomba upande wa shavu, polepole, asipaliwe. Mara mbili ni saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Msimu wa korosho usiiache chupa kwenye dungu juani. Kaa nayo kivulini kando ya mtungi, na ufuate lebo: nyingi ni siku saba tangu ichanganywe, nyingine hudai friji.

Maswali niliyoulizwa

*Mama wa Nanyamba: Siku ya tatu homa imekwisha. Niache?*
Hapana, dada. Maliza siku ulizoandikiwa.

*Baba wa Kilwa Kivinje: Ametapika dawa.*
Kama ni ndani ya nusu saa, mpe tena kipimo kile kile. Ikishapita, subiri wakati unaofuata. Na ukisahau dozi, mpe ukikumbuka, isipokuwa inayofuata imekaribia. Usimpe mbili kwa mpigo.

*Mama wa Nachingwea: Chupa ya mililita 100 imebaki nusu. Nimwekee mdogo wake?*
Kama uliandikiwa 5ml x 2 x 5/7, piga hesabu: 5 mara 2 mara 5 ni mililita 50. Nusu kubaki ni sawa kabisa, hujakosea kitu. Ila hiyo si akiba. Mdogo wake ana kilo zake na huenda ana ugonjwa mwingine, na dawa iliyochanganywa haikai.

*Bibi wa Masasi: Zamani tulifungua kapsuli ya rangi mbili, tukampa nusu ya unga.*
Shikamoo bibi. Nusu kwa macho haipimiki, na kama ndani ni tetrasaiklini, antibayotiki nyingine, inatia madoa meno ya mtoto yanayokua. Madoa hayo hayatoki.

*Mama wa Lindi mjini: Anaharisha tangu aanze dawa.*
Kinyesi kilaini kidogo hutokea sana. Mpe maji na uendelee kumnyonyesha. Ukiona damu, au macho yameingia ndani, rudi zahanati leo hii na chupa yako mkononi.